Vals, Uswisi: hamamu ni nzuri, ila usiondoke na basi la jioni

Wengi wanaokwenda Vals hufanya hivi: wanashuka kwenye basi, wanaingia kwenye maji ya moto, wanatoka vidole vimenyauka, wanapanda basi la kurudi. Kama una siku moja tu sitakulaumu. Ila kwa nilivyoona mimi, anayeiona hamamu asikione kijiji amelipa pesa nyingi kuona nusu ya kitu, na ile nusu nyingine, ambayo ndiyo iliyonikaa moyoni, haina kiingilio.

Vals iko jimbo la Graubünden, mashariki ya Uswisi, mwishoni mwa bonde, mita 1,252 juu ya usawa wa bahari. Ni kijiji cha watu elfu moja hivi. Bonde la jirani la Lumnezia watu wanasema Kiromanshi, lugha ya Uswisi iliyotokana na Kilatini. Ukiingia Vals unakuta Kijerumani, tena cha kizamani. Wifi yangu ni muuguzi Zürich, amekaa Uswisi miaka mingi na Kijerumani anakipiga bila shida, lakini wazee wawili waliokuwa wakizungumza nyuma yetu kwenye basi walimshinda. "Wifi, hapo naokota neno mojamoja tu," akaninong'oneza.

Hao ni Wawalser. Asili yao ni wafugaji waliosema Kijerumani kutoka jimbo la Wallis, sehemu ya juu, kusini magharibi ya nchi. Kuanzia karne ya 13 walianza kuhama kidogo kidogo kwa njia za milimani, wakaenea hadi kaskazini ya Italia, Liechtenstein na Austria. Mabwana wa ardhi wa huko walikuwa na miinuko ambayo hakuna aliyeitaka, maana baridi ni kali na mteremko haulimiki. Wawalser wakapewa waishi humo kwa mkataba wa kurithishana baba kwa mwana, wakabaki watu huru, na wao wakatoa kodi na wapiganaji bwana akiwahitaji. Waliofika Vals walitokea bonde la Rheinwald kwa kuvuka Valserberg, njia ya mlimani yenye zaidi ya mita 2,500, na mifugo yao. Njia hiyo bado ipo na inapitika kwa miguu wakati wa kiangazi. Ni sehemu ya njia ndefu ya watembeaji inayofuata nyayo za Wawalser ndani ya Graubünden. Sisi hatukuipita. Ni kazi ya siku nzima na viatu vya mlimani, na wifi alikuwa ametoka zamu ya usiku.

Kufika si shida. Unapanda treni Zürich mpaka Chur, pale unahamia treni nyekundu ya reli nyembamba mpaka Ilanz, kisha basi la njano la posta. Jumla ni karibu saa tatu. Kipande cha Chur hadi Ilanz usilale: treni inapita korongo la Ruinaulta, ambako mto Rhine umekata kifusi cheupe cha mlima ulioporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na kwa muda mrefu hakuna barabara, ni reli na mto tu. Baada ya Ilanz barabara inakuwa ya kona, na dereva wa basi anapiga honi ya sauti tatu kabla ya kona zisizoonekana mbele. Kama unatapika safarini, kaa mbele.

Sasa hamamu. Imesanifiwa na Peter Zumthor, ikafunguliwa 1996, na mwaka 2009 mwenyewe akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna inayoipita. Kinachonifurahisha ni kwamba aliyemwajiri hakuwa tajiri. Hoteli ya pale ilikuwa imefilisika, wanakijiji wakainunua miaka ya 1980, halafu wakathubutu kujenga kitu ambacho hakuna kijiji kingine kilikuwa nacho. Baadaye, mwaka 2012, walipiga kura wakaiuza kwa mwekezaji, na leo hoteli inaitwa kwa namba ya posta ya kijiji, 7132. Kwamba walifanya vyema kuuza au la, waulize wenyewe. Nilivyosikia mkahawani, kila meza ina jibu lake.

Ukiwa nje huoni jengo la maana. Limezamishwa kwenye mteremko na paa lake ni nyasi. Unaingia kwa chini, unapita ukumbi wenye giza ambako maji ya chemchemi yanatiririka kutoka kwenye mabomba ukutani na kuacha alama za kutu, kwa sababu yana chuma. Unabadili nguo, unatokea juu ya ngazi, na hapo kila kitu ni jiwe. Sakafu jiwe, kuta jiwe, kingo za maji jiwe. Ni vibao 60,000 vya kwatzaiti ya kijivu iliyochimbwa bondeni humo humo, vyembamba, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Unene wake uko wa aina tatu, lakini vitatu vikiwekwa pamoja lazima vifike sentimita 15, kwa hiyo fundi aliweza kuchanganya atakavyo na ukuta ukabaki sawasawa. Niligusa ule ukuta kwa kiganja mara nyingi kuliko nilivyoogelea. Darini kuna nyufa nyembamba zenye vioo, na mwanga wa jua unashuka kwa mistari hadi kwenye maji.

"Wifi, haya mawe yote wameyaleta kutoka wapi?"

"Hapo juu tu, wifi. Hata paa la ile duka la mkate ni hili hili."

Kweli, tulipotoka nikatazama. Nyumba za Vals zimeezekwa kwa vibao vya jiwe hilo, za zamani na mpya, na si kwa mapenzi tu: ni masharti ya ujenzi ya kijiji. Ndiyo maana nasema hamamu peke yake haitoshi. Zumthor hakuleta wazo kutoka mbali. Alichukua jiwe ambalo Wawalser walishaezekea mabanda yao, akalifanyia kazi ya kifalme.

Chemchemi inatoka ardhini ikiwa na nyuzi joto 30 hivi. Ndani kuna dimbwi kubwa la katikati, na vyumba vidogo vimefichwa ndani ya nguzo za mawe: kimoja cha moto wa nyuzi 42, kingine cha baridi ya nyuzi 14, kingine kina maua yanayoelea juu ya maji, kingine unaingia kwa mlango wa chini na sauti yako inarudi kama umo ndani ya mtungi. Wifi alitoka kwenye ule wa nyuzi 14 akimtaja marehemu bibi yake. Dimbwi la nje ndilo langu: unaogelea kutoka ndani hadi nje bila kutoka majini, na mbele yako ni mlima na mabanda.

Mambo ya kujua kabla ya kulipa. Wanaume na wanawake wanaoga pamoja kwa nguo za kuogelea. Kama unahitaji kujisitiri zaidi, andika uulize mapema wanaruhusu vazi gani. Watu wanatakiwa kunong'ona, na picha haziruhusiwi, jambo ambalo nililishukuru. Nafasi inabidi ikatwe mapema, hasa kwa asiyelala hotelini kwao. Bei inauma, sifichi. Ukiwa na familia ya watu watano piga hesabu kwanza, halafu uangalie masharti yao kuhusu watoto wadogo.

Usiku tulilala chumba cha kupanga kijijini, si hoteli hiyo, na hapo ndipo safari ilipoanza kunoga. Baada ya basi la mwisho wageni wa siku moja wameondoka, kijiji kimebaki na wenyewe. Tulizunguka uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo, tukatazama nyumba za magogo yaliyoumana kwenye pembe bila kuhitaji msumari. Januari 1951 poromoko la theluji liliua watu 19 hapa. Ukiangalia miteremko ilivyoegemea paa za watu, hushangai, unabaki kuwaza waliobaki waliwezaje kulala usiku uliofuata.

Asubuhi tukapanda Leis kwa miguu. Ni kitongoji kilicho karibu mita 270 juu ya kijiji, na kwa mwendo wetu wa kusimama kusimama ilikuwa kazi ya saa moja na zaidi. Huko unaona Wawalser walivyokaa: si kijiji cha kubanana, ni nyumba moja hapa, banda la majani makavu pale, kila mtu katikati ya malisho yake. Kuna kanisa dogo, na kuna nyumba mbili za mbao zilizosimamishwa na Zumthor huyo huyo mwaka 2009, za magogo matupu kama za majirani ila na madirisha makubwa mno. Mimi naona madirisha yale yamezidi. Wifi alisema angekaa humo hadi astaafu.

Mchana tulikwenda Zervreila, na kama miguu yako inakuruhusu kitu kimoja tu Vals, nenda huko. Barabara inapita kwenye handaki jembamba ambalo magari yanapokezana, unatokea kwenye ukuta wa bwawa wenye urefu wa mita 151 kwenda juu, uliokamilika 1957 kwa ajili ya umeme. Chini ya maji yale kulikuwa na kitongoji cha Wawalser chenye jina hilo hilo, Zervreila. Nyuma ya ziwa unasimama mlima Zervreilahorn, mita 2,898, umechongoka kama jino la chonge. Tulitembea kando ya mteremko hadi Frunt, kwenye kanisa dogo jeupe la Mtakatifu Anna, njia isiyochosha, tukala mikate yetu hapo. Rangi ya maji ni ya kijani yenye maziwa ndani yake. Nusu saa nzima hakuna aliyesema neno, na hapakuwa na kibao cha kutukataza.

Gandahus, nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho, tuliikuta imefungwa. Inafunguliwa kwa ratiba maalumu, hivyo ulizia ofisi ya utalii. Msimu wa theluji kuna ski pia, lakini sisi ni watu wa pwani, hilo waandike wengine.

Chakula: tulikula capuns, donge la unga lililoviringwa kwenye majani ya mboga jamii ya spinachi na kupikwa kwenye mchuzi wa maziwa. Tamu, nzito, na mara nyingi ndani kuna nyama kavu, ambayo huenda ikawa ya nguruwe. Supu ya shayiri nayo huwekewa nyama hizo. Kwa asiyekula nguruwe, uliza kila mara, usikisie. Mkahawa mmoja tuliouliza walitupikia bila nyama na hawakukunja uso. Maji ya chupa yenye jina la Valser mtayakuta Uswisi nzima, kiwanda ni cha hapa na tangu 2002 ni mali ya Coca-Cola. Sisi tulijaza chupa zetu bombani.

Aprili na Novemba ni miezi ya kuangalia vizuri, kwani sehemu nyingi hufunga kati ya misimu. Septemba ilitufaa: jua la mchana, ng'ombe bado wako malishoni, na asubuhi unahitaji sweta nzito. Kama unakaa Uswisi, nunua ile kadi ya nusu nauli kabla ya safari, na bado angalia saa ya basi la mwisho kutoka Zervreila kabla hujaanza kutembea. Teksi kule juu haipiti.