Gemu za Windows kwenye Linux Mint: tazama hii kabla hujafuta Windows yako

Asalaam aleikum watazamaji, karibuni tena hapa Tanga. Leo mezani tuna Linux Mint, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, na tunajibu lile swali mnaloulizana kila siku: gemu zangu za Windows zitacheza? Windows 10 ilifika mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inazikataa laptopu nyingi za mtumba zilizojaa madukani Ngamiani, maana kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mint haina sharti hilo, tena ni bure. RAM ya GB 4 inaitosha kwa kazi za kawaida. Kwa gemu tafuta GB 8.

Anayebeba mzigo wote hapa anaitwa Proton. Yumo ndani ya Steam, duka la gemu la kampuni ya Valve, waliomtoa mwaka 2018 juu ya msingi wa Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux ulioanza 1993. Gemu ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, Proton anatafsiri papo hapo, na maombi ya picha ya DirectX, ya Windows, anayageuza kuwa Vulkan, lugha ya kuzungumza na kadi ya picha ambayo Linux inaielewa. Lishike hilo neno Vulkan, kwa sababu ndipo wanaoanza wengi wanapokwama, kisha lawama yote inaangukia Linux.

Usakinishaji ni mwepesi. Fungua Software Manager, tafuta Steam. Zitatokea mbili: chukua ya mfumo, iache ya Flatpak (programu iliyofungashwa peke yake). Ya Flatpak si mbovu, ila imefungiwa chumbani mwake, na haitaiona diski yako ya pili mpaka uipe ruhusa. Mwenye kadi ya picha ya NVIDIA apitie kwanza Driver Manager, achague draiva iliyopendekezwa, kisha awashe upya. Kama Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka) imewashwa, utaombwa utunge nywila, na kompyuta ikiwaka italeta skrini ya buluu. Chagua Enroll MOK, ingiza nywila ile ile. Ukiiruka skrini hiyo, draiva haipakiwi, halafu utashangaa kwa nini gemu inakwenda kama picha za mnato.

Ndani ya Steam, nenda Settings, kisha Compatibility. Ukikuta swichi ya kuruhusu Steam Play kwa gemu zote, iwashe. Huna haja ya kusakinisha Wine pembeni; Proton ana yake.

Sasa sogea karibu na skrini, tazama kitufe hiki cha kijani, Play. Unabofya. Kinageuka kuwa Stop. Sekunde chache, kinarudi kuwa Play. Hakuna dirisha, hakuna ujumbe wa kosa, kimya. Hili ndilo tatizo litakalokukuta, na mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili.

Cha kwanza ni hiyo Vulkan. Fungua terminali, andika sudo apt install vulkan-tools, kisha vulkaninfo --summary. Soma mstari wa apiVersion, na hakikisha jina la kifaa ni la kadi yako, siyo llvmpipe, maana hiyo ni prosesa inachora picha peke yake bila msaada. Matoleo ya sasa ya Proton yanataka Vulkan 1.3. Prosesa za Intel za kizazi cha 4 hazifiki hapo. Kwa gemu za zamani bado kuna njia: bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, na kwenye Launch Options andika PROTON_USE_WINED3D=1 %command%. Picha zitapitia OpenGL. Spidi inapungua, lakini inacheza.

Cha pili ni diski. Wengi wanaacha gemu kwenye ile diski ya Windows, yenye mfumo wa NTFS, ili wasiteketeze bando kupakua upya. Tunawaelewa kabisa, lakini msifanye hivyo. Proton anatengeneza folda zenye jina kama c: na njia za mkato ambazo NTFS haizibebi vizuri, na Windows ikizimwa kwa Fast Startup, yaani kuzimwa nusu ili iwake haraka, inaiacha diski imefungwa, Linux inaisoma tu bila kuweza kuandika. Weka gemu kwenye diski ya ext4, mfumo wa diski wa Linux.

Na bando je? Steam ina uhamishaji wa gemu ndani ya mtandao wa nyumbani, tangu 2023. Jirani yako mwenye gemu hiyo hiyo kwenye Windows awashe Steam, muunganishwe kwenye ruta moja, aruhusu uhamishaji kwenye Settings upande wa Downloads. Makumi ya GB yanapita humo bila kugusa bando.

Kuna gemu ambazo hapa hazichezi, na tusidanganyane. Valorant na Fortnite hazichezi. EA Sports FC za karibuni, zile gemu za mpira, hazichezi. Sababu ni programu zao za kuzuia udanganyifu, zinazotaka kukaa ndani kabisa ya Windows. GTA V unacheza hadithi yake, lakini Online imefungwa kwa Linux tangu Septemba 2024. Kama maisha yako ni FC na marafiki mtandaoni, baki na Windows. Elden Ring inacheza, na Counter-Strike 2 ina toleo lake la Linux. Kabla ya kununua tafuta jina la gemu kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji wanaripoti gemu zipi zinacheza, na kumbuka Steam inarudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujavuka saa 2 za kucheza.

Kwa joto hili la kaskazi, safisha feni na cheza ukiwa umechomeka chaji. Kwenye betri laptopu nyingi hujipunguzia nguvu.

Anayekwenda kununua, asome stika ya prosesa. HP EliteBook 840 G1 utakuta i5-4300U: ile 4 ya mwanzo ni kizazi cha 4, iache. G3 ina i5-6300U, hiyo inafaa kwa gemu nyepesi. Beba fleshi yenye Mint, iwashe pale pale dukani bila kusakinisha, washa hotspoti ya simu, fanya kipimo cha vulkaninfo kwenye kaunta, ndipo utoe pesa.