Boksi la usukani la Land Cruiser ya zamani: lipi ununue, na kwa nini uanze na skrubu ya juu

Boksi nililolinunua mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 650,000 lilikuwa limepakwa rangi nyeusi inayong'aa, halikuvuja hata tone, na muuzaji aliposhika mkono wa pitimani, ule wa chini ya boksi unaosukuma fito za tairi, na kuutikisa mbele yangu haukucheza hata kidogo. Nikalipa, nikalipakia kwenye basi hadi Arusha, na Jumamosi mimi na mdogo wangu tukalifunga uani. Kesho yake, nikielekea Makuyuni, nilikata kona ya kwanza nikalegeza vidole kama nilivyozoea ili usukani ujirudishe wenyewe, nao ukabaki pale pale nilipouachia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilivuta gari kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ya mwaka 1994, yenye injini ya 1HZ. Tangu nilipowasimulia watu mkasa huo, wasomaji wawili wameniandikia kuwa yamewapata yale yale, na wote wawili walikuwa wamejaribu boksi dukani kwa kuutikisa mkono, wakaona halichezi, wakalipa. Kwa hiyo sitapoteza muda kukueleza kuwa uangalie kama linavuja au kama lina ufa, kwani hayo hata mtoto atayaona. Nataka tuzungumzie skrubu moja iliyoko juu ya mfuniko, yenye nati ya kuikaza, ambayo sijaona mnunuzi akiitazama.

Ndani ya boksi kuna shafti inayotoka kwenye usukani, yenye mikato ya mzunguko kama ya skrubu. Juu yake inapanda na kushuka nati kubwa iliyobebwa na gololi za chuma, na meno ya nati hiyo yanashikana na meno ya shafti ya pitimani. Kiwandani meno hayo hutengenezwa yabane kidogo zaidi katikati, usukani ukiwa umenyooka, ili gari lisiyumbe barabarani. Kwa kuwa muda mwingi gari huenda moja kwa moja, hapo katikati ndipo yanapolika kwanza, huku ya pembeni yakibaki karibu kama mapya. Skrubu ya juu kazi yake ni kuisogeza shafti ya pitimani ili meno yakaribiane. Muuzaji mwenye boksi lililochoka huikaza hadi katikati pasicheze, na hapo mnunuzi akitikisa mkono huona boksi ni zima. Lakini ukikata kona, meno ya pembeni ambayo hayajalika yanabanana kupita kiasi, na tairi haziwezi tena kuurudisha usukani. Hicho ndicho nilichouziwa.

Kugundua hila hiyo hakuhitaji gereji. Mimi sasa nikienda dukani hubeba kwenye mkoba jointi kuukuu ya shafti ya usukani niliyoizungushia kitambaa, naichomeka kwenye meno ya shafti ya juu ya boksi, panapoingia usukani, na kulizungusha kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine nikihesabu mizunguko, kisha narudi nusu ya hesabu hiyo. Boksi zuri litakuonyesha ugumu mdogo sana ukifika katikati, halafu litalainika pande zote mbili kwa usawa. Likiwa laini katikati na gumu pembeni, lirudishe juu ya meza. Tazama pia nati ya skrubu yenyewe: kama kutu au rangi ya zamani kuizunguka imepasuka, au kuna alama mpya za spana, mtu ameigusa hivi karibuni, na rangi nyeusi iliyopakwa juu ya alama hizo haibadilishi jambo. Mafuta yanayotoka kwenye matundu ya mipira wakati unazungusha yana habari zake pia. Yakiwa mekundu ni heri, yakiwa meusi yenye chembechembe zinazong'aa ujue ni chuma kinacholika humo ndani.

Sasa kuhusu kipi ununue, nakiri mapema kwamba nina upendeleo kwa vitu vya Toyota yenyewe, na sijaribu kuuficha.

Nafasi ya kwanza naipa boksi lako mwenyewe, likiwa halijapasuka wala kulika katikati, pamoja na seti ya sili ya Toyota, ile ambayo namba yake huanza na 04445. Langu la awali lilikuwa likivuja kwenye sili ya chini tu. Fundi alisema limekufa, nami nikaliacha gerejini kwake kama chuma chakavu, jambo linalonikera hadi leo kuliko hata zile fedha. Kabla ya kununua seti hiyo, pitisha ukucha kwenye shafti ya pitimani mahali sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji au shimo la kutu, sili mpya haitadumu na hapo ndipo boksi jingine linapohitajika. Na kabla ya yote hayo, mwambie mtu autikise usukani injini ikiwa imewashwa na tairi ziko chini, wewe ukitazama: shafti ya usukani ikizunguka na mkono wa pitimani ukachelewa kufuata, kosa ni la boksi, mkono ukifuata papo hapo, tafuta kwenye tairodi (fito zinazovuta tairi) na bushi.

Nafasi ya pili ni boksi jipya la Toyota. Bei niliyotajiwa ilizidi mara nne ya ile niliyolipa Gerezani, na sina la kuongeza zaidi ya kwamba mwenye uwezo atalala usingizi.

Ya tatu ni mtumba kutoka Japani, kwa jaribio nililoeleza. Hapa pana mtego mwingine: mitumba mingi ya Land Cruiser huletwa kutoka Dubai na Sharjah, na huko usukani uko kushoto. Boksi la gari hilo hufungwa upande wa pili wa chasisi, hivyo halikai kwenye gari letu hata likiwa jipya kabisa. Muulize muuzaji limetoka kwenye gari la usukani gani kabla hujauliza bei.

Maboksi mapya ya bei rahisi yasiyo na jina la kueleweka yapo tele. Sinunui.

Ninachoshindwa kuzoea ni tabia za madukani. Unaonyeshwa bango kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na wakati huo huo unakatazwa kuijaribu. Boksi kama lile ambalo mimi niliambiwa ni laki sita na nusu, mdogo wangu aliulizia duka lile lile wiki iliyofuata akaambiwa laki tano, kwa sababu, nadhani, yeye ana ndevu. Ukimtuma fundi, kuna cha juu chake ndani ya bei, na muuzaji anakijua. Siku hizi nadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na nazungusha boksi mwenyewe, na asiyetaka nizungushe abaki nalo.

Kulifunga nyumbani kunawezekana kwa subira. Weka alama ya rangi kwenye mkono wa pitimani na shafti yake kabla ya kuvitenganisha, na uvitenganishe kwa pula, kile kifaa cha kuvutia. Nyundo huumiza beringi za boksi ambalo pengine bado ungelihitaji. Mafuta ya kwanza yanayorudi kutoka kwenye boksi yamwage kwenye chupa badala ya kuyarudisha ndani, kwa kuwa uchafu wa boksi la zamani ndio utakaokata sili za jipya. Kusafisha chasisi mahali bolti nne zinapoingia kutakuonyesha kama kuna ufa. Mafuta ni ATF, yale ya gia za otomatiki, ya aina ya Dexron. Inua tairi za mbele, zungusha usukani pande zote mara kadhaa injini ikiwa imezimwa huku mtu akiongeza mafuta, kisha washa na urudie hadi mapovu yaishe kwenye kopo. Usiushikilie usukani mwishoni mwa kona kwa muda mrefu, na skrubu ya juu usiiguse. Baada ya safari mbili tatu za barabara ya vumbi, lala tena chini ya gari ukaze bolti na nati ya pitimani. Mimi nilikuta moja imelegea robo mzunguko.