Kuondoka United Methodist au kubaki?

Kati ya 2019 na mwisho wa 2023, kifungu cha 2553 cha kitabu cha sheria cha dhehebu la United Methodist kiliruhusu sharika zake za Marekani kuondoka na majengo yao, kwa mgogoro wa ushoga. Bei yake: michango ya takriban miaka miwili kwa konferensi (jimbo la kanisa) pamoja na fungu la deni la pensheni za wachungaji. Pia theluthi mbili ya kura za waumini wa usharika. Hapo ndipo palipouma: kura 64 kati ya 100 hazikutosha, na pande mbili zilirudi kukaa benchi moja. Zaidi ya sharika 7,600 ziliondoka, nyingi zikajiunga na Global Methodist, dhehebu jipya la kihafidhina.

Kubaki hakukudai malipo hayo, ila jengo liliendelea kushikwa kwa amana ya dhehebu, yaani usharika ulilitunza kwa niaba ya dhehebu. Mei 2024, kwenye mkutano mkuu wa dhehebu mjini Charlotte, Marekani, marufuku ya wachungaji mashoga iliondolewa. Kifungu cha 2553 kilikuwa kimeshakwisha muda wake.