Tochi tatu za mfukoni, alumini, shaba na titani, na chumvi ya Lamu

Mie hushuka gatini kabla ya alfajiri kutoka mtaa wa Langoni, na stima ikipotea vichochoro vile ni giza totoro na mavi ya punda yako palepale, kwa hiyo tochi kwangu si pambo.

Nilianza na alumini. Nyepesi, joto la taa inapitisha vizuri, bei ya kibinadamu. Ila ule weusi wake si rangi ya kupaka, ni ngozi ya alumini yenyewe iliyofanywa ngumu kwa umeme, ikichubuka tu chumvi ishapata mlango. Yangu ilichubuliwa na funguo, ikaanza kutoa unga mweupe kama ukuta wa chokaa ulio karibu na bahari, na kibaya zaidi ndani mlikuwa na pete ya shaba, na alumini ikigusana na shaba penye maji chumvi ni alumini ndo huliwa. Kifuniko cha betri kikaganda. Dukani waliniapia haiingii maji, na kweli hayakuingia, ila hata mie siingii tena.

Shaba nyekundu niliinunua kwa tamaa wallahi. Kwa kusambaza joto katika hizi tatu hakuna ya kuishinda, lakini uzito bana! Sentimita moja ya ujazo ya alumini ni gramu 2.7, ya shaba karibu 9. Ijumaa kanzu ikaegemea upande mmoja, mzee mmoja akaniuliza kama nimebeba jiwe la mizani. Na mkono unanuka sarafu kutwa. Kuoza haiozi, siwa yetu, lile baragumu la kale pale makumbusho, ni ya jamii ya shaba na imeona mengi, sema siwa haikai mfukoni.

Stenlesi sijajaribu wala sina hamu, uzito unakaribia shaba na joto haipitishi, hasara mbili.

Sasa niko na titani, gramu 4.4 hivi kwa sentimita ya ujazo. Maji ya bahari haiyajui kabisa, juzi ilidondoka chini ya gati maji yamekupwa nikaitoa topeni, nikaisuuza, ikawaka. Tabu yake ni joto, ukiiweka mwanga wa mwisho kichwa kinaunguza na baada ya muda mwanga unajipunguza wenyewe, basi mie natumia wa kati. Na meno ya kifuniko yataka grisi, titani kwa titani zinakwaruzana mpaka zinashikana.

Ile ya alumini bado iko kwenye droo na betri yake ndani, mwenye koleo kubwa aseme.