Python ndani ya simu: msimu mzima wa karafuu na Termux

Sina laptopu. Python, lugha ya kuandikia programu, nilijifunza skuli hapa Wete, Pemba, kwa kompyuta tuliyokuwa tukipokezana, na karafuu zilipoiva ami akaniita: "Wewe uliyesoma, nitengenezee daftari la wachumaji lisilogombanisha watu." Chombo nilichokuwa nacho ni simu ya Android yenye RAM ya GB 3. Nikaweka Termux, programu inayokupa mahali pa kuandika amri ndani ya simu kama kwenye kompyuta, na msimu mzima hesabu za shamba letu la Mtambwe zimepita humo.

Anayetaka kuijaribu ajue kwanza kilichomo. Android kiini chake ni Linux, lakini maktaba yake ya C, yaani kazi za msingi ambazo programu zilizoandikwa kwa lugha ya C huzitegemea, ni nyengine, inaitwa Bionic. Mkalimani wa Python, yaani ile programu inayosoma ulichoandika na kukitekeleza, ameandikwa kwa C. Kwa hiyo hahamii simuni kwa kunakiliwa tu. Inabidi ajengwe upya kwa Bionic na kwa prosesa ya ARM, na kila alipozoea kukuta folda za /usr au /tmp aelekezwe pengine, kwa sababu Android huipa kila programu chumba chake na kuikataza kuandika nje ya hapo. Chumba cha Termux ni /data/data/com.termux/files, na humo wamepanga kila kitu upya. Python yenyewe iliitambua Android rasmi katika toleo la 3.13, Oktoba 2024; Termux walikuwa wameshaifanya kazi hiyo miaka mingi nyuma. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Kosa langu la mwanzo lilinigharimu. Nilichukua Termux ya zamani ya Play Store, ambayo ilikuwa imeacha kusasishwa tangu 2020, kwa kuwa sheria mpya za Android zilizuia programu kuendesha faili ilizozipakua chumbani mwake. Vifurushi vikakataa kuingia. Nikaambiwa nichukue ya F-Droid, duka jengine la programu huria za Android. Sahihi za kidijitali ambazo Android hutambulia matoleo hayo mawili hazifanani, kwa hiyo la kwanza lazima ulifute kabla ya kuweka la pili, na ukilifuta, chumba chote kinakwenda nalo. Hesabu za wiki nzima zikapotea. Ilibidi nimfuate ami na kumwambia ukweli, tukakaa barazani na wachumaji, kila mmoja akataja pishi zake kwa kumbukumbu. Hakuna aliyedanganya, lakini sitaki kurudia siku ile. Anza na F-Droid, kisha andika termux-setup-storage siku hiyo hiyo, upate njia ya kunakili faili zako kwenye hifadhi ya kawaida ya simu. Usiende mbali ukaweka mazingira ya venv, yaani folda ya peke yake ya vifurushi vya mradi mmoja wa Python, kwenye hifadhi hiyo: hairuhusu viungo vya faili, na venv inavihitaji.

Baada ya hapo, mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Amri moja ya pkg, kisakinishi cha Termux, "pkg install python", dakika chache za bando, na Python kamili ikafunguka. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, imo ndani yake, na hiyo ndiyo iliyobeba daftari: jina la mchumaji, tarehe, pishi alizochuma, malipo. Nikaongeza jedwali la uanikaji, kwa sababu karafuu mbichi ikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wake, na ami alitaka kujua mapema atapeleka kilo ngapi ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Maswali yale simu iliyajibu papo hapo, hata mtandao ukiwa haupo.

Kilichonishughulisha zaidi ni tarehe. Nilitaka risiti iandike "Jumamosi". Kwenye kompyuta ya Linux unaweza kuiomba Python majina ya siku kwa lugha unayoitaka, ikiwa lugha hiyo imewekwa. Bionic haina majina hayo, inajua ya Kiingereza tu. Nikaandika orodha yangu mwenyewe. Halafu Python huhesabu siku kuanzia Jumatatu, ambayo kwake ni sifuri, na wiki yetu inaanza Jumamosi, ambayo kwake ni tano. Mara ya kwanza malipo ya wiki mbili yakachanganyika. Sasa naongeza mbili, nagawa kwa saba na kuchukua baki, na hesabu inakaa sawa. Saa nazo nazigeuza hivyo hivyo, ili saa moja asubuhi isomeke saa moja.

Numpy, kifurushi cha hesabu za namba nyingi, nilitaka kuiweka kwa pip, kisakinishi cha Python yenyewe. Simu ikapata moto, ikajaribu kujenga kila kitu kutoka kwenye msimbo wa C, mwisho ikashindwa. Dawa yake ni "pkg install python-numpy", ambayo imeshajengwa tayari kwa Bionic. Kila kifurushi kizito kitafute kwanza kwenye pkg, ndipo ukijaribu pip. Na ukikuta msimbo wa mtu unaandika moja kwa moja kwenye /tmp, hautafanya kazi; mwambie atumie moduli ya tempfile, ambayo hutafuta yenyewe folda ya faili za muda.

Madirisha na vitufe vya kubofya sikuyahangaikia. Kuandika nafasi nne kila mstari kwa kidole kunachosha, ingawa safu ya vitufe vya ziada yenye TAB na mishale inasaidia. Wenye Android 12 na kuendelea wajue kwamba mfumo wao huanza kuua michakato midogo ikizidi 32. Kwa daftari kama langu hufiki huko.

Kwa mwanafunzi asiye na kompyuta naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu hakuna kitu kilichonionya, kabla sijabonyeza kufuta, kwamba wiki ya jasho la watu inaondoka. Ami ameshaniambia msimu ujao anataka na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yaingie daftarini.