Friji haligandishi: litengenezwe au ununue jipya?

Kwanza jua kilichokufa. Kompresa (mota inayosukuma gesi ya kupoza) ikijaribu kuwaka, ikalia "tak" na kuzima baada ya sekunde chache, mara nyingi shida ni relei (inayoisaidia kuwaka) au ovalodi (inayoizima ikizidiwa). Ni vipuri vidogo vya bei ndogo, hapo kutengeneza kunashinda. Mpira wa mlango nao ni hivyohivyo: bana noti mlangoni, uivute, ikitoka kilaini, mpira umechoka.

Gesi ni habari nyingine. Haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayejaza tu, bila kuziba tundu, kubadilisha filta na kunyonya hewa kwa pampu, anakuuzia miezi michache. Lebo ikisema R600a, gesi hiyo hushika moto, kwa hiyo mrija usichomelewe ikiwa bado ndani. Tundu likiwa ndani ya ukuta, au kompresa imeungua na friji lina miaka zaidi ya 10, jipya lina nafuu.

Friji jipya la inveta (kompresa yake hubadili kasi kulingana na mahitaji) hula umeme kidogo, ila bodi yake ya umeme ni ghali na umeme unaorukaruka huiunguza. Anayeuza juisi na barafu kila siku huenda likamlipa. Mwenye kuhifadhi mboga za nyumbani, la zamani lenye relei mpya linamtosha.