Bolti za koni kwa rimu mpya za Golf Mk5: uzoefu wangu

Ukinunua rimu za aloi za nje kwa Golf Mk5, kabla ya kuuliza urefu wa bolti angalia umbo la shingo yake, yaani sehemu iliyo chini ya kichwa inayokaa kwenye tundu la rimu. Mimi niliuliza kila kitu isipokuwa hilo.

Rimu zangu ni za inchi 17, matundu 5 kwenye duara la milimita 112, sawasawa na gari. Tundu la katikati lilikuwa milimita 66.6 na habu ya Golf (kitovu ambacho gurudumu hukaa) ni 57.1, kwa hiyo nikachukua na ringi za plastiki za kuziba pengo. Fundi akazifunga kwa bolti zilezile za kiwandani. "Bosi, hesi ni ileile," akaniambia, akimaanisha meno ya bolti, na ni kweli: M14 kwa 1.5, yaani unene milimita 14 na milimita 1.5 kutoka jino hadi jino. Ziliingia bila shida.

Siku ya tatu, Thika Road, usukani ukaanza kutetemeka nilipofika kilomita 80 kwa saa. Nikasimama pembeni. Bolti tatu za gurudumu la mbele kushoto ziligeuka karibu bila nguvu. Watoto walikuwa kiti cha nyuma. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanidunda.

Nilipochomoa moja ndipo nikaelewa. Bolti ya kiwandani ya Volkswagen ina shingo ya mviringo, kama kipande kilichokatwa kwenye mpira wa kuchezea. Rimu hizi zimechongwa koni ya nyuzi 60. Viwili hivyo hugusana kwenye mstari mwembamba tu, alumini inabonyea pale, na bolti inalegea yenyewe hata kama ilikazwa vizuri. Matundu ya rimu ile yalikuwa yameliwa, nikalazimika kununua nyingine.

Nikatafuta bolti 20 za koni ya nyuzi 60, urefu milimita 28 kuanzia chini ya koni, zenye chapa ya 10.9 (daraja la uimara wa chuma) kichwani. Nililipa shilingi 4,000. Safari hii niliikaza kila bolti kwa mkono kwanza nikihesabu mizunguko: nane na nusu hadi ikakaa. Kwa M14 ya 1.5 mimi sikubali chini ya saba na nusu. Kisha nikazungusha gurudumu likiwa bado hewani, nikisikiliza kama ncha zinagusa chochote nyuma ya habu. Bunduki ya upepo nilikataa kabisa. Tulimalizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nyutoni-mita 120, kwa kuruka bolti kama unachora nyota, bila oili kwenye hesi. Baada ya kilomita 80 nikazipima tena.

Miezi sita sasa, usukani umetulia. Kasoro ni moja: mvua za masika zimeanza kutia kutu vichwani.

Zile za zamani usizitupe. Gurudumu langu la akiba ni la chuma la kiwandani, na linataka shingo ya mviringo, kwa hiyo tano nimezifunga kwenye kitambaa ndani ya buti, pembeni ya jeki.